Habari za Mashine Zisizosikilizana

Fundi wa michoro ya kompyuta wa zama zetu, atakapo kujua kwa nini mchezo au picha aliyoisanifu yaenda kwa kusuasua, hufungua programu ya kupimia utendaji katika mashine moja na kuielekeza ichungue mashine nyingine, ama simu, ama hata programu nyingine iliyomo ndani ya mashine ile ile. Na aghalabu, kabla hajaiona tarakimu hata moja ya vile vipimo alivyovitamani, hupambana na ujumbe mfupi umwambiao kwamba muunganisho umekataliwa, au kwamba muda wa kungojea umekwisha pasi na jibu. Walio wengi huuhesabu ujumbe huo kuwa udhia wa kupita, usio na nasaba na elimu ya michoro. Mimi nadai kwamba nasaba ipo, tena ya karibu, na kwamba mwenye kuifuatilia nyuma hufika mahali pamoja katika jimbo la Maryland, Marekani, kando ya ghuba ya Chesapeake, kwenye uwanja wa jeshi wa kujaribia mizinga uitwao Aberdeen, ulioanzishwa mwaka 1917.

Ndani ya uwanja huo palikuwa na Maabara ya Utafiti wa Balistiki, ambayo kazi yake ya asili ilikuwa kukokotoa majedwali ya njia zipitwazo na makombora hewani, na ni haja ya majedwali hayo iliyolifanya jeshi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ligharimie kuundwa kwa mashine ya ENIAC katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia. Mashine hiyo ilionyeshwa hadharani Februari 1946, ikahamishiwa Aberdeen mwaka 1947, ikatumika huko hata ilipozimwa tarehe 2 Oktoba 1955. Ilikuwa na taa za vakyumu zipatazo 18,000, za jinsi ya zile zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za zamani, na hapo mwanzo haikupewa kazi kwa maandishi bali kwa kebo: kila hesabu mpya ilitaka nyaya zichomolewe hapa na kuchomekwa pale, na swichi zigeuzwe moja moja. Basi kosa la muunganisho lilikuwa kitu cha kushikika kwa mkono. Kebo iliyochomekwa pasipo pake ilitoa jawabu la uongo, na taa iliyoungua ilitoa uongo mwingine uliofanana nao. Na kazi ya kuupambanua uongo mmoja na mwenziwe iliwaangukia wanawake sita waliochaguliwa kuitayarishia mashine hesabu zake, nao ni Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman, ambao hawakupewa kitabu cha maelekezo bali michoro ya mitambo tu, wakaidurusu hata wakaweza kuifuata hitilafu mpaka kwenye taa yenyewe iliyoharibika. J. Presper Eckert, mmoja wa wasanifu wawili wakuu wa ENIAC, alieleza baadaye kwamba taa moja iliharibika takriban kila siku mbili, na kwamba waliweza kuigundua ilipo kwa muda wa dakika 15. Sidhani kama mafundi wengi wa leo waweza kujisifu kwa dakika 15.

Huko Manchester, Uingereza, mashine ya Ferranti Mark 1 ya mwaka 1951 ilikuwa na kipaza sauti, na waendeshaji waliweza kuusikiliza mwendo wa programu kwa masikio, kwani programu iliyonaswa mahali pamoja ikizungukazunguka ilitoa mlio usiobadilika. Habari hiyo ya sauti itarejea mbele.

Michoro iliingia Aberdeen kwa mlango wa vita, wala si vyema kuificha asili hiyo kwa kuwa matunda yake yamekuja kupendeza. Wataalamu wa maabara walitaka kujua, kombora likikipiga kifaru pembeni, litapita katika nini na nini: chuma, tangi la mafuta, injini, au kiwiliwili cha mtu, na ili kulijua hilo bila ya kuharibu kifaru cha kweli kwa kila swali, ilibidi kifaru kielezwe kwa maumbo ya hesabu, duara na pia na mche, yaliyounganishwa na kukatana, kisha mistari iliyonyooka ipitishwe ndani yake kwa maelfu, na kila mstari uhojiwe umekutana na nini. Katika miaka ya 1960 maabara iliiagizia kazi hiyo kampuni ya MAGI, ambayo watu wake walikuwa na ujuzi wa kufuatilia njia za mionzi ya nyuklia. Ikabainika kwamba mstari wa kombora na mstari wa nuru, kwa upande wa hesabu, ni mmoja: ukiupeleka kutoka kwenye jicho badala ya kutoka kwenye mtutu, hupati orodha ya vitu vilivyotobolewa bali picha. Kampuni hiyo hiyo ilikuja kuwa miongoni mwa zilizotengeneza michoro ya filamu ya Tron, iliyotoka mwaka 1982.

Mnamo mwaka 1979 maabara, ikiwa haikuona sokoni programu yoyote ya kuitosheleza haja yake, ilianza kuunda ya kwake, ambayo hatimaye iliitwa BRL-CAD, na msanifu wake mkuu alikuwa kijana Mike Muuss, aliyehitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka huo huo. Jina la mtu huyu ndilo fundo la habari zetu, maana alikuwa mchoraji wa mashine na mpimaji wa mashine na mganga wa mitandao kwa wakati mmoja, na wanaomjua kwa sifa moja katika hizo aghalabu hawazijui zile nyingine mbili. Lakini kabla ya kumweleza yapasa tuueleze mtandao aliourithi.

Mtandao wa ARPANET ulipojaribiwa kwa mara ya kwanza, usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, baina ya chuo kikuu cha UCLA cha Los Angeles na Taasisi ya Utafiti ya Stanford, mwanafunzi Charley Kline alianza kuandika neno la kuomba kuingia, zikafika herufi mbili, kisha mashine ya ng'ambo ikaanguka. Haukupita muda mrefu ila hitilafu imerekebishwa na muunganisho umepatikana, kwa takriban saa moja hivi. Linalonivutia mimi si kule kuanguka, ambako wasimuliaji wamekwisha kukukariri mno, bali ni kwamba Kline na mwenzake wa upande wa pili, Bill Duvall, walikuwa wakizungumza kwa simu muda wote huo, mmoja akiuliza herufi imefika na mwingine akijibu imefika. Lau wasingekuwa na njia hiyo ya pili, iliyo nje ya ile waliyokuwa wakiijaribu, yule wa Los Angeles angaliona kimya kitupu, na kimya hakimwambii mtu kama waya umekatika, au mashine imezimika, au jibu limepotea njiani.

Waliotunga kanuni za TCP, ambazo maandishi yake yaliyotegemewa kwa miaka mingi yalitolewa Septemba 1981, walilijua vyema jambo hilo la kimya, na kwa hiyo wakaweka adabu ya kufungulia mazungumzo kwa jumbe tatu: mwenye kuita hutuma wa kwanza, mwenye kuitwa huujibu, kisha mwenye kuita huthibitisha kwamba jibu limemfikia; na kila huduma ndani ya mashine hupewa nambari ya mlango wake, ili mgeni ajue abishe wapi. Wakaongeza jambo ambalo kwa rai yangu ni la busara kuliko yote: mgeni akibisha kwenye mlango ambao hapana anayesikiliza nyuma yake, mashine yenyewe humrudishia ujumbe wa kumkatalia. Mfumo wa Unix wa Berkeley, toleo la 4.2 la mwaka 1983, uliupa ukataaji huo jina lake miongoni mwa makosa yanayotambuliwa na mfumo, ukatenganisha kukataliwa na kumalizika kwa muda, na tofauti hiyo ndiyo inayopuuzwa na mafundi wengi hata leo. Aliyekataliwa, kwa kawaida, amepewa bishara njema, kwa kuwa kukataa ni jibu, na jibu halitoki ila kwa aliye hai: waya mzima, mashine imewaka, anwani sahihi, ila programu inayotakiwa haijaanza au inasikiliza kwenye mlango mwingine. Asiyejibiwa hana alichopata. Na mtu anapozitia habari hizi mbili katika kapu moja la kushindwa, huanza kubadilisha kebo ilhali angepaswa kuiwasha huduma, au huiwasha huduma mara kumi ilhali kebo imelala chini ya meza.

Ulikuwa ndio mwaka wenyewe. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ulihamishiwa kanuni hizo mpya za TCP. Julai ya mwaka huo, katika mkutano uliofanyika Norway, mtaalamu wa mitandao Dave Mills alimweleza Muuss jinsi alivyokuwa akipima ucheleweshaji wa njia kwa kutuma ujumbe wa mwangwi, ambao mashine inayoupokea huwajibika kuurudisha kama ulivyo. Na mwezi wa Disemba, mtandao wa maabara ya Aberdeen ulipoonyesha tabia za ajabu, Muuss aliyakumbuka maneno hayo akaketi kuandika programu ndogo ya kuutuma mwangwi huo na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Programu ilikubali kutafsiriwa lakini haikufanya kazi, kwa sababu kiini cha mfumo wa uendeshaji hakikuwa na uwezo wa kutuma jumbe za namna hiyo. Naye, kwa hasira, akauandika na uwezo huo, na kabla ya jua kuchomoza yote mawili yalikuwa yakienda. Kumbe mwenzake mmoja alikuwa amekwisha kukigundua na kukitengeneza kifaa kilichoharibika, kabla mwangwi wa kwanza haujatumwa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa, ikiwa imechelewa kwa tatizo lililoiita, programu ya ping, ambayo imo katika takriban kila kompyuta duniani. Na jina lake alilitwaa kwenye mlio wa sona, ambayo aliwahi kuishughulikia alipokuwa chuoni.

Muuss mwenyewe alipenda kusimulia kisa alichohadithiwa katika mkutano mmoja wa wataalamu wa Unix, cha mlinzi wa mtandao ambaye kebo zake zilikuwa zikikatika na kuungana bila mpango, naye akaiunganisha programu ya ping na kitoa-sauti cha kompyuta yake, akafungua spika kwa nguvu, kisha akazunguka jengo zima akitikisa kila kiungo cha kebo, huku kompyuta ikitamka neno lile lile kwa kila mwangwi uliorudi. Na pale sauti ilipokatika alijua kwamba kiungo alichokishika ndicho chenye ila. Ustadi wa Manchester wa kuisikiliza mashine ulikuwa umerudi kwa njia nyingine, nao ulikuwa na faida moja ambayo skrini haina: mtu aweza kuondoka mbele ya kompyuta akaenda ulipo ugonjwa.

Sasa tumtazame Muuss mchoraji. Katika BRL-CAD, iliyoanza kutolewa kwa watu wa nje mwaka 1984, picha iliyokokotolewa katika mashine moja iliweza kuonyeshwa kwenye skrini ya mashine nyingine kwa njia ya mtandao, kwa kutaja jina la mashine hiyo tu, maana mashine kubwa zilikuwa chache na skrini nzuri zilikuwa chache zaidi, na mara nyingi havikukaa chumba kimoja. Palikuwa pia na programu ya REMRT, ambayo Muuss aliieleza katika warsha ya michoro ya mwaka 1987: msimamizi mmoja huigawa picha kwa mistari ya nukta na kuipeleka kwa watumishi waliotawanyika mtandaoni, kila mtumishi akirudisha sehemu yake, na muunganisho wa mtumishi mmoja ukikatika, mistari aliyokuwa nayo hurudishwa foleni apewe mwingine. Humo kukatika kwa muunganisho hakukuhesabiwa kuwa msiba bali kuwa jambo la kawaida lililotayarishiwa nafasi yake tangu mwanzo, na natamani lau waundaji wa programu za siku hizi, ambazo hugandisha skrini nzima kwa sababu waya umechomoka kidogo, wangalisoma maandishi hayo.

Kadhalika kipimo. Pamoja na BRL-CAD huja jaribio la kupimia kasi ya mashine, ambalo huchora picha kadhaa zilizowekwa, huilinganisha kila picha na asili yake nukta kwa nukta ili kuhakikisha kwamba haikukosewa, kisha huitaja kasi kwa mizani ya kompyuta moja ya aina ya VAX 11/780 iliyofanywa kuwa kigezo. Na kwa upande wa waya, Muuss na Terry Slattery waliandika programu ya ttcp, ambayo huchukua data kutoka kumbukumbu ya mashine moja na kuimimina katika kumbukumbu ya nyingine bila ya kuigusa diski, ili mpimaji asije akaulaumu mtandao kwa uvivu wa diski. Muuss alifariki katika ajali ya barabarani Novemba 2000, akiwa na umri wa miaka 42.

Wakati huo mambo ya michoro yalikuwa yamekwisha kutoka mikononi mwa maabara za serikali. Mfumo wa X wa MIT, ambao toleo lake la 11 lilitoka Septemba 1987, ulikuwa umewazoesha watumiaji wa Unix kuambiwa kwamba skrini haiwezi kufunguliwa, na sababu zake zilikuwa zile zile za mlango usiosikilizwa, pamoja na nyingine iliyokuwa ngeni: mwenye skrini hajampa ruhusa mgeni. Mnamo Novemba 1988 mnyoo wa kompyuta uliotawanywa na mwanafunzi Robert Morris uliziangusha maelfu ya mashine za mtandao, na imani ya kwamba kila anayebisha hodi ni jirani ikaanza kutoweka. Kuta za ulinzi zikaenea katika vyuo na makampuni. Na Agosti 2004 kampuni ya Microsoft, katika nyongeza ya pili ya Windows XP, iliuwasha ukuta huo katika kila kompyuta bila ya kungoja kuombwa.

Tukio hilo lilisadifu na wakati ambapo programu za kupimia michoro zilikuwa zikikua. PIX ya Microsoft ilianzia kwenye Xbox, chombo cha michezo kisicho na mahali pa mtu kuketi na kupima, kwa hiyo mpimaji hakuwa na budi kukaa kwenye kompyuta nyingine. Na hata pale penye kompyuta kamili zipo sababu za kutenganisha: mchezo huitwaa skrini yote, programu ya kupimia hula nguvu zile zile inazotaka kuzipima, na programu yenye ila yaweza kuiangusha prosesa ya michoro pamoja na kila kinachoonekana, ikabaki mashine ya pili tu kuwa shahidi. RenderDoc ya Baldur Karlsson, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2014, ina huduma yake ya kukaa katika mashine ya mbali ikingojea kuitwa. Basi programu hizi zote zilikuja kujenga nyumba zao nyuma ya kuta ambazo hazikuwapo Muuss alipokuwa akiandika, na zaidi ya hayo, walinzi wengi wa kuta hizo waliamua kuuzuia hata mwangwi wa ping wenyewe, na wala hawakuweka kukatalia kwa adabu bali kunyamaza kimya. Ile tofauti kati ya kukataliwa na kutojibiwa, iliyokuwa chombo cha kutambulia maradhi, ikatiwa doa: mashine isiyojibu ping huenda ikawa hai na yenye afya kamili.

Kwenye simu za Android, ambazo ndizo simu walizo nazo watu wengi wa Afrika Mashariki na ndizo zinazochezewa michezo inayotengenezwa huku, njia ya kupimia hupitia daraja la adb, lenye sehemu tatu: amri anayoiandika fundi, seva inayosikiliza kwenye mlango wa 5037 wa kompyuta yake mwenyewe, na huduma iliyomo ndani ya simu. Aliyesakinisha programu mbili za kupimia, kila moja ikiwa na adb yake ya toleo mbalimbali, huona ajabu ya seva kuuawa na kuzaliwa upya kila mara, kwa sababu amri ya toleo moja haikubali seva ya toleo jingine na huizima ili kuanzisha ya kwake. Na programu ile ya kwanza hubaki ikidai kwamba simu imechomolewa, ilhali simu ipo mezani na waya umeshika. Na tangu toleo la 4.2.2 la mwaka 2013, simu haiikubali kompyuta mpaka mwenye simu aifungue skrini na kuridhia ufunguo wake, jambo ambalo limewapotezea wakati watu wengi waliokuwa wakiitazama skrini kubwa tu.

Fundi mzoefu basi huuliza kwa mpango: waya u hai, kuna anayesikiliza, matoleo yanapatana, ruhusa imetolewa. Maswali hayo hayakutungwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. La kwanza ni la akina McNulty na taa zao, la pili ni la mwaka 1981, la tatu lililetwa na wingi wa programu, na la nne, lililoanza na skrini za X, ndilo linaloendelea kunenepa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Riverside, walionyesha kwamba programu isiyo na madaraka yoyote, ikishiriki prosesa ya michoro na programu nyingine, yaweza kwa kusoma vihesabio vya utendaji na matumizi ya kumbukumbu kukisia ni tovuti gani mtumiaji anazitembelea. Vile vihesabio, ambavyo ndivyo roho ya kila programu ya kupimia michoro, vilikuwa vimegeuka kuwa dirisha la mdukuzi. Na mapema mwaka 2019 kampuni ya NVIDIA, kwa draiva zake mpya, ilivifunga visisomwe ila na msimamizi wa mashine. Tangu hapo fundi aweza kuona programu yake imeunganishwa barabara, waya mzima, mlango wazi, matoleo yakipatana, na mahali pa tarakimu pakatokea kosa la kunyimwa ruhusa. Mwenye kumiliki mashine anayoipima aweza kuliondoa zuio hilo katika mipangilio ya draiva kwa dakika chache. Aliyekodi mashine katika kituo cha mbali, akaifikia kwa mtandao tu, hana budi kumwandikia mwenye kituo, aeleze atakacho kupima na kwa sababu gani, na angoje jibu.